Baden-Powell: Sura iliyochukua nafasi ya Malkia kwenye stempu

WENGI wanaozuru makaburi ya Kanisa la St Peter mjini Nyeri husimama mbele ya jiwe lililochongwa duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia za maskauti, maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwisha kwenda nyumbani. Hapo ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti. Lakini wakusanyaji wa stempu za enzi ya Malkia Victoria wanamkumbuka kwa jambo jingine, lililotokea mbali sana na Mlima Kenya.

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857, akajiunga na jeshi mwaka 1876. Oktoba 1899, akiwa kanali, alijikuta amezingirwa na Makaburu katika mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini, karibu na mpaka wa nchi ambayo leo ni Botswana. Mzingiro huo ulidumu siku 217.

Stempu za posta zilipoanza kuadimika, zilizosalia zilipigwa chapa mpya mwezi Machi 1900. Mwezi uliofuata mji ukajitengenezea zake. Mtambo wa kuchapia stempu haukuwapo, hivyo michoro ilipigwa picha na kutolewa kwenye karatasi ya dawa inayogeuka buluu ikipigwa na jua, ile ile waliyoitumia wahandisi kunakilia ramani. Ndiyo sababu stempu hizo zote ni za buluu.

Stempu ya peni moja ilimwonyesha Goodyear, sajini meja wa kikosi cha wavulana waliosambaza barua mjini, akiwa juu ya baiskeli. Ile ya peni tatu ilikuwa na sura ya Baden-Powell mwenyewe, mahali ambapo katika makoloni mengi palikuwa pa Malkia. Baadaye alieleza kwamba maofisa wake walifanya hivyo bila kumshauri. Husemwa pia kuwa Malkia alichukizwa, ingawa hadithi hiyo husimuliwa zaidi ya inavyothibitishwa.

Stempu za kughushi za Mafeking ni nyingi, na mkusanyaji makini hutazama rangi, karatasi na muhuri wa posta kabla ya kufungua mkoba wake. Chache zilichapwa kinyume, kama sura ionekanavyo kwenye kioo, nazo hutafutwa kwa udi na uvumba. Hata hivyo, mtafiti wa historia huithamini zaidi bahasha nzima, kwa kuwa anwani na mihuri yake husimulia siku na njia barua iliyopitia.

Njia hiyo ndiyo inayofichua kile ambacho stempu haikuonyesha. Barua zilizotoka nje ya mji hazikubebwa kwa baiskeli. Zilibebwa na matarishi wa Kiafrika walionyemelea usiku katikati ya mistari ya Makaburu, na aliyekamatwa aliweza kuuawa. Habari zao zimo katika shajara ya Sol Plaatje, mkalimani kijana wa mahakama ya Mafeking, iliyochapishwa mwaka 1973. Hakuna tarishi hata mmoja kati yao aliyechorwa kwenye stempu.

Wala hilo si dogo, kwani Waafrika ndio waliokufa njaa kwa wingi zaidi katika mzingiro huo. Mwaka 1979 mwanahistoria Thomas Pakenham alimlaumu vikali Baden-Powell kwa namna chakula kilivyogawanywa. Tim Jeal, aliyeandika maisha yake mwaka 1989, alimtetea. Mjadala haujaisha.

Wavulana wa Mafeking ndio aliowatolea mfano katika kitabu chake cha uskauti cha mwaka 1908, baada ya kambi ya majaribio ya 1907 katika kisiwa cha Brownsea.

Nyeri ilianzishwa kama boma la serikali mwaka 1902, wakati Victoria alikuwa amekwisha kufariki Januari 1901. Baden-Powell aliizuru mwaka 1935, akafikia katika hoteli ya Outspan ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Mwaka 1938, afya ikiwa imedhoofu, alirudi na mkewe Olave kuishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli hiyo. Waliiita Paxtu, kwa kuikumbuka Pax Hill, nyumba yao ya Uingereza. Huko alichora wanyama na ndege, akaandika vitabu na barua.

Alifariki tarehe 8 Januari, 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Miongoni mwa karatasi zake zilikutwa barua za kuwaaga maskauti, alizokwisha kuziandaa zifunguliwe atakapokufa. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India, aliishi baadaye katika nyumba hiyo ya Paxtu, naye akazikwa mwaka 1955 katika makaburi hayo hayo. Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri, yakazikwa katika kaburi la mumewe.