Haldane na Hesabu ya Nondo Weusi

Wanafunzi wetu wa biolojia humsoma Charles Darwin mpaka wakamkariri, lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akimtaja J.B.S. Haldane. Huu ni upungufu ambao, kwa maoni yangu, walimu wanapaswa kuurekebisha. Haldane ndiye aliyelitwaa swali la muda ambao uteuzi asilia huhitaji ili kuikamilisha kazi yake, akalijibu kwa hesabu.

Alizaliwa Oxford, Uingereza, mwaka wa 1892. Baba yake alikuwa mtaalamu mashuhuri wa mambo ya upumuaji, naye mtoto alimsaidia katika majaribio tangu utotoni. Hata hivyo, masomo aliyofuzu chuoni mwaka wa 1914 yalikuwa ya Kigiriki, Kilatini na falsafa. Shahada ya sayansi hakuwa nayo! Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaowagawa wanafunzi mapema mno, hawa wa sanaa na wale wa sayansi. Alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajeruhiwa, na mwaka wa 1923 akaanza kufundisha Cambridge.

Mwaka uliofuata alianza kuchapisha makala zake kuhusu hisabati ya uteuzi. Mfano wake maarufu ni wa nondo fulani wa Uingereza, ambaye kwa kawaida ni mweupe mwenye madoadoa meusi. Mnamo 1848 nondo mweusi wa jamii hiyo alionekana Manchester, mji wa viwanda ambako masizi yalikuwa yameganda kwenye magome ya miti. Kufikia mwisho wa karne hiyo, takriban nondo wote wa huko walikuwa weusi. Mdudu huyu huwa na kizazi kimoja kwa mwaka, basi vizazi vilivyopita vilikuwa kama 50 tu. Haldane alikokotoa faida ambayo weusi walihitaji ili waenee kwa kasi hiyo, akapata kwamba kwa kila wazao wawili walioachwa na mweupe, mweusi aliacha watatu. Jibu hili liliwashangaza waliozoea kudhani kuwa uteuzi hujikokota hata usionekane katika umri wa binadamu mmoja.

Siku hizi tarehe husomwa katika jenomu yenyewe. Badiliko jipya la jeni huanzia kwenye kromosomu moja, na sehemu zilizo jirani hurithiwa pamoja nalo. Katika kila kizazi kromosomu hukatika na kuchanganyika, hivyo kipande kile cha asili huzidi kufupika. Ukipima urefu uliobaki, nawe wajua kasi ya ukataji, waweza kukadiria umri. Kwa mbinu hiyo watafiti wa Uingereza walikadiria mwaka wa 2016 kwamba weusi wa nondo ulianza karibu na 1819. Mwanafunzi asiuchukue mwaka huo kama wa cheti cha kuzaliwa, maana makadirio haya yana mapana yake.

Sisi Wakenya tunahusika pia. Mwaka wa 1949 Haldane alitoa wazo kwamba ugonjwa wa damu wa thalasemia ulienea pande za Mediterania kwa sababu wanaorithi jeni yake kwa mzazi mmoja huistahimili malaria. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikuwa akikusanya damu nchini humu, na mnamo 1954 akaonyesha kuwa jeni ya selimundu hukinga dhidi ya malaria. Uchunguzi wa jenomu wa 2018 uliikadiria jeni hiyo kuwa na miaka 7,300 hivi.

Simfanyi malaika. Alikuwa Mkomunisti, na Lysenko alipoiangamiza elimu ya jeni katika Urusi ya Stalin, Haldane alisitasita kumkana hadharani. Nikolai Vavilov, mwanasayansi aliyewahi kumwalika huko, alifia gerezani mwaka wa 1943. Kwa hilo mimi simsamehe.

Mwaka wa 1957 alihamia India, akaja kuwa raia wake. Saratani ilimuua mjini Bhubaneswar tarehe 1 Desemba 1964, naye alikuwa ameusia mwili wake upewe wanafunzi wa udaktari wajifunzie.