Isaac Newton na Hesabu ya Vitu Vinavyobadilika

Bila shaka umepata kuona nazi ikianguka kutoka mnazini. Kadiri inavyoshuka ndivyo kasi yake inavyozidi. Katika sekunde ya kwanza hushuka kiasi cha meta 5, na sekunde ya pili inapotimia huwa imeshuka meta 20. Je, sekunde ya kwanza inapotimia, kasi ya nazi hiyo ni meta ngapi kwa sekunde? Aliyepata kanuni moja ya kujibu maswali yote ya namna hii ni Mwingereza Isaac Newton.

Newton alizaliwa mwaka 1642 katika kijiji cha Woolsthorpe, miezi mitatu baada ya kufa baba yake. Mama yake alimtoa shuleni ili awe mkulima, lakini kazi hiyo hakuiweza. Mwaka 1659 alitozwa faini kwa sababu kondoo wake waliharibu mali ya watu. Basi akarudishwa shuleni, na mwaka 1661 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako aliwatumikia wanafunzi matajiri ili apate kusoma.

Mwaka 1665 ulizuka ugonjwa wa tauni, chuo kikafungwa, naye akarudi kijijini. Huko aliendelea na hesabu zake peke yake. Tazama jinsi njia yake inavyofanya kazi. Pima mwendo wa nazi kuanzia sekunde 1 hadi 2: utapata meta 15 kwa sekunde. Punguza muda, upime kuanzia sekunde 1 hadi 1.1: utapata 10.5. Punguza tena, hadi 1.01: utapata 10.05. Waona kwamba jibu linaikaribia 10, na hiyo ndiyo kasi unayoitafuta.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Newton aliificha elimu hii. Kitabu alichokiandika juu yake mwaka 1671 kilichapishwa mwaka 1736, miaka 9 baada ya kufa kwake. Wakati huo wote Mjerumani Gottfried Leibniz alikuwa amekwisha kuigundua njia hiyo kwa akili yake mwenyewe, akaitangaza mwaka 1684. Ukazuka ugomvi mkali. Mwaka 1712 chama cha wanasayansi cha London kilimhukumu Leibniz kuwa si mgunduzi wa kwanza. Lakini rais wa chama hicho alikuwa Newton, naye ndiye aliyeandika kwa siri sehemu kubwa ya hukumu hiyo. Haikuwa haki.

Leibniz alikufa mwaka 1716. Kwa muda wa miaka mia hivi Waingereza walizikataa alama zake za hesabu, ingawa zilikuwa rahisi kuliko za Newton, wakaachwa nyuma na wenzao wa Ulaya. Hatimaye, mwaka 1812, wanafunzi wa Cambridge, chuo kilekile cha Newton, waliunda chama cha kudai kwamba alama za Leibniz zifundishwe.