Mugumo wa Ihithe

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Nyeri huwaza baridi na ukungu. Mimi humuwaza marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa huko, kijijini Ihithe, tarehe 1 Aprili 1940.

Karibu na kwao palikuwa na mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, na hapo kijito. Wangari mdogo alipotumwa kuni, mama yake alimwonya asiokote hata kijiti chini ya mti ule, kwani ni mti wa Mungu. Mtoto akatii, akaenda zake kijitoni kuchezea mayai ya vyura.

Alisoma Nyeri, Limuru, kisha Marekani. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Lakini siku aliyorudi kijijini alikuta mugumo umekatwa ili pandwe chai, na kijito kimekauka! Hapo ndipo alipofahamu onyo la mama yake: mizizi ya mugumo hupenya mwamba ikayafikia maji, tena huushika udongo wa mlima usiporomoke. Nami nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, aliyetukataza kuvunja matawi ya mkunazi. Hakutueleza sababu, wala hatukuthubutu kuuliza.

Mwaka 1977 Wangari akaanzisha Green Belt. Wanawake wa vijijini walikuza miche, wakilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Mabwana misitu wakacheka, eti kupanda miti kwataka stashahada. Wakoloni walikuwa wameleta misonobari na mikaratusi, miti ya mbao za haraka. Yeye akaitetea ya asili, yenye kivuli kwa watu na matunda kwa ndege. Mmoja wa miti ya mlima huo Waingereza waliuita mwaloni wa Meru. Si mwaloni hata kidogo, msomaji. Ni ndugu wa mfudu wetu.

Kwa ajili ya miti alitukanwa mwaka 1989, na mwaka 1999 akapigwa Karura hata akavuja damu kichwani. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa njiani kwenda Nyeri alipopata habari ya Tuzo ya Nobeli ya Amani. Akafika, akapiga magoti, akapanda mti akiuelekea Mlima Kenya.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameusia asikatiwe mti; wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji.