Thomas Clarkson: Asiye mbunge aliyelishinikiza Bunge

THOMAS Clarkson hakuwahi kuwa mbunge wala waziri, lakini ni wachache waliolitikisa Bunge la Uingereza kama yeye.

Alizaliwa mwaka wa 1760 mjini Wisbech, baba yake akiwa kasisi na mwalimu. Mnamo 1785, akisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alishinda tuzo ya insha ya Kilatini kuhusu iwapo ni halali kuwatia watu utumwani bila hiari yao. Aliyoyasoma akiiandaa yalimnyima usingizi, akaacha azma ya kuwa kasisi.

Mei 1787, wanaume 12, akiwemo yeye, walianzisha jijini London chama cha kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa wa madhehebu ya Quaker. Clarkson ndiye aliyetumwa kutafuta ushahidi. Alizuru bandari za Bristol na Liverpool, akawahoji mabaharia na kununua pingu zilizotumiwa melini. Huko Liverpool, genge la watu lilijaribu kumtumbukiza majini.

Ushahidi huo alimkabidhi mbunge William Wilberforce, aliyeiwasilisha hoja Bungeni. Aidha, chama kilisambaza mchoro wa meli ya Brookes, ulioonyesha jinsi watumwa walivyobanwa chini ya sitaha.

Hata hivyo, wapinzani hawakulala. Wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi na matajiri wa Liverpool walikuwa na fedha na wabunge wa kuwatetea. Mnamo 1791 mswada uliangushwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka uliofuata, Bunge lilipokea zaidi ya malalamiko rasmi 500, yaliyotiwa saini na maelfu ya raia ambao wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura.

Clarkson aliugua kutokana na uchovu na kujiondoa mwaka wa 1794, kisha akarejea ulingoni 1804. Miaka mitatu baadaye, biashara hiyo iliharamishwa.

Sheria ya 1833 ilipokomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza, kundi la wenye mashamba nalo lilipata lake: serikali iliwatengea wamiliki fidia ya pauni milioni 20. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti moja.

Clarkson alifariki Septemba 1846 akiwa na umri wa miaka 86.