Rudolf: Kisiwa Kimoja, Ziwa Moja, na Mtu Asiyefika Kokote

Rudolf alizaliwa tarehe 21 Agosti 1858 karibu na Vienna, mtoto pekee wa kiume wa Kaizari Franz Joseph wa Austria. Mwaka huohuo Burton na Speke walifika Ujiji, mkoani kwetu Kigoma. Mimi ni mtoto wa Makere na nasoma ualimu, kwa hiyo habari za wageni na majina ya maziwa zinanihusu kabisa.

Rudolf alipenda sana ndege, akaandika habari zao. Siasa za baba yake hazikumpendeza. Aliandika gazetini kwa kuficha jina.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 15 tu, Julius Payer na wenzake walifika kwenye kisiwa kilichopo kama kilomita 900 kutoka Ncha ya Kaskazini. Meli yao, Tegetthoff, ilikuwa imenaswa kwenye barafu tangu 1872, hivyo walikwenda kwa miguu wakiburuza mizigo. Payer akakiita Kisiwa cha Rudolf. Sawa, karibu chote ni barafu, na hapakuwa na mwenyeji wa kuulizwa.

Mwaka 1881 Rudolf alimwoa Stephanie, binti wa Leopold II wa Ubelgiji, yuleyule aliyejitwalia Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Ndoa ile haikuwa na raha.

Machi 1888 Teleki na Höhnel walifika kwenye ziwa kubwa kaskazini mwa Kenya ya leo, wakaliita Rudolf. Ziwa la jirani wakalipa jina la Stephanie. Hapo sasa ndipo penye shida, jamani. Waturkana na Waelmolo walikuwepo, na maji yale waliyajua tangu enzi za mababu.

Rudolf hakuliona ziwa hilo, wala kile kisiwa. Tarehe 30 Januari 1889 alikutwa amekufa kwa risasi huko Mayerling, pamoja na binti aitwaye Mary Vetsera. Alikuwa na miaka 30.

Mwaka 1975 Kenya ililiita ziwa Turkana. Kisiwa, ambacho sasa ni cha Urusi, bado kinaitwa Rudolf.

Simlaumu marehemu, maana hakuomba. Ila sisi tunaokwenda kushika chaki tusiishie kuwauliza wanafunzi nani aligundua ziwa fulani. Tuwaulize pia: waliokuwa wanavua pale siku hiyo waliliitaje?