Gama na Imam Baksh: Jina Moja, Mabega Mawili

Utangulizi

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hii inaoana vyema na maisha ya Ghulam Mohammad Baksh, mwanamieleka wa Bara Hindi aliyevuma ulimwenguni kwa jina la Gama. Katika masimulizi mengi Gama husawiriwa kama shujaa wa pekee, mtu aliyeshindana kwa miongo mingi bila kubwagwa. Hata hivyo, anayefuatilia mapito ya maisha yake hakosi kumwona mtu wa pili aliyesimama kando yake tangu utotoni hadi uzeeni. Huyo ni Imam Baksh, mdogo wake wa toka nitoke.

Ndugu hawa hawakushirikiana ndani ya pambano moja kama wafanyavyo ndugu wa mieleka ya kulipwa ya Marekani, ambao hupokezana ulingoni dhidi ya ndugu wengine. Mieleka ya jadi ya Bara Hindi huwakutanisha mtu na mtu. Hata hivyo, walikuwa timu kwa maana pana zaidi ya neno hilo. Makala haya yanaisimulia safari yao kwa nia ya kuonyesha kwamba sifa iliyomwendea mmoja ilibebwa na wawili, na kwamba bila yule wa pili huenda jina hilo lingezikwa pamoja na mwenyewe.

Malezi na Mazingira

Gama alizaliwa mwaka 1878 katika eneo la Punjab, karibu na mji wa Amritsar, katika ukoo wa Waislamu wenye asili ya Kashmir. Mieleka ilikuwa kazi ya ukoo huo. Baba yake, Aziz Baksh, alikuwa mwanamieleka wa mfalme wa Datia, dola ndogo iliyokuwa katikati ya Bara Hindi.

Ili kuelewa maisha ya watu hawa, ni sharti kuelewa mahali pa mwanamieleka katika jamii ya wakati huo. Waingereza walipoitawala India, waliwaacha mamia ya wafalme wenyeji katika viti vyao, ila waliwanyima uwezo wa kupigana vita. Kwa kuwa mfalme hakuweza tena kuonyesha ukuu wake kwa majeshi, aliuonyesha kwa mambo mengine, na mojawapo lilikuwa wanamieleka. Mfalme aliwalisha maziwa, samli, lozi na nyama, akawapa makao na walimu, nao wakashindana kwa niaba yake. Mwanamieleka wa aina hii aliitwa pahalwan, neno lenye asili ya Kiajemi lililobeba maana ya shujaa. Mahali pake pa mazoezi paliitwa akhara, yaani shimo pana la udongo laini uliopondwa na kuchanganywa na mafuta, ambamo alishinda akianguka na kuinuka.

Gama alikuwa na umri wa miaka sita hivi baba yake alipoaga dunia, naye Imam alikuwa mdogo zaidi. Babu yao mzaa mama aliyeitwa Nun, ambaye pia alikuwa mwanamieleka, alichukua jukumu la kumfunza mjukuu wake. Nun alipofariki, mjomba aliyeitwa Ida aliendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo watoto hawa hawakurithi mali wala cheo. Walichorithi ni kazi ya mwili pamoja na deni la kulitimiza lengo ambalo mzee wao hakujaliwa kulitimiza.

Mwaka 1888, Gama akiwa na umri wa miaka 10, palifanyika mashindano ya ustahimilivu huko Jodhpur. Mamia ya wanamieleka kutoka pembe mbalimbali za nchi walitakiwa kuchuchumaa na kuinuka bila kukoma hadi nguvu ziwaishie. Mmoja baada ya mwingine walijitoa. Walipobaki watu 15 hivi, mtoto Gama alikuwa bado yumo miongoni mwao. Mfalme wa Jodhpur alishangazwa na jambo hilo, akamtangaza kuwa mshindi kwa sababu ya umri wake. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alilala kitandani siku kadhaa kwa maumivu. Baada ya hapo mfalme wa Datia alimchukua na kugharimia mafunzo yake, na Imam akafuata njia hiyo hiyo.

Jitu la Gujranwala

Katika ujana wake Gama aliwabwaga takriban wanamieleka wote mashuhuri wa Bara Hindi. Aliyebaki ni mmoja tu, Rahim Baksh Sultaniwala wa Gujranwala, aliyekuwa bingwa wa nchi. Rahim alikuwa na kimo cha karibu futi saba, ilhali Gama alikuwa na futi tano na inchi saba hivi. Walipokutana kwa mara ya kwanza watu walidhani kijana huyo angevunjwa. Badala yake pambano lilirefuka, na hakuna aliyemweka mwenzake chali. Walikutana tena na tena, na mizani ikakataa kuinama upande wowote.

Ushindi wa Gama ulipatikana katika pambano la Allahabad, baada ya ndugu hao kurejea kutoka Uingereza. Rahim alishindwa kuendelea na Gama akatawazwa kuwa Rustam wa India, lakabu iliyotokana na shujaa wa Shahnameh, utenzi mkuu wa Waajemi uliotungwa na Firdausi. Kwa msomaji wa tendi za Kiswahili, lakabu hiyo ina uzito unaoeleweka bila maelezo marefu. Ni kana kwamba jamii ya pwani ingempa mtu aliye hai jina la Fumo Liyongo na kumtaka aishi kulingana nalo. Imam naye alikuja kuibeba lakabu hiyo ya Rustam baadaye.

Safari ya London, 1910

Mwaka 1910, mwandalizi wa mapambano aliyeitwa R. B. Benjamin aliwapeleka London wanamieleka wanne kutoka India. Walikuwa Gama, Imam Baksh, Ahmed Baksh na Gamu. Walitarajia kushiriki mashindano makubwa ya mabingwa, lakini Gama alikataliwa kwa sababu ya ufupi wake. Ndipo alipotoa changamoto ya hadhara kwamba angewabwaga wanamieleka watatu wa uzani wowote katika muda wa dakika 30. Wengi waliichukulia changamoto hiyo kuwa mbinu ya kutafuta pesa. Mabingwa waliovuma mno siku hizo, Frank Gotch wa Marekani na George Hackenschmidt, hawakupata kupambana naye.

Aliyejitokeza mwezi wa Agosti ni Benjamin Roller, Mmarekani aliyekuwa pia daktari. Gama alimbwaga mara ya kwanza kabla ya dakika mbili kwisha, na mara ya pili kabla ya dakika ya kumi. Hapo ndipo magazeti yalipoanza kuandika kwa sauti nyingine.

Mwanzoni mwa Septemba ikawa zamu ya Imam. Alikabiliana na John Lemm, bingwa wa Uswisi aliyekuwa na nguvu nyingi na sifa kubwa barani Ulaya. Imam alikuwa mrefu na mwembamba kuliko kaka yake, na mwendo wake ulikuwa wa kasi. Alimweka Lemm chali mara mbili katika muda wa dakika chache tu. Ushindi huo ulikuwa na maana kubwa. Kabla yake, watazamaji wangeweza kumwona Gama kama ajabu ya maumbile isiyotokea mara mbili. Baada ya Imam kumwangusha Lemm, ilidhihirika kwamba nyuma ya Gama palikuwa na elimu nzima ya mieleka, yenye walimu, mbinu na urithi wake.

Tarehe 10 Septemba 1910 Gama alipambana na Stanislaus Zbyszko, bingwa kutoka Poland aliyekuwa na uzani wa zaidi ya kilo 110. Zawadi ilikuwa pauni 250 pamoja na mkanda wa John Bull. Katika dakika ya kwanza Gama alimwangusha. Zbyszko alipotambua nguvu za mpinzani wake, aliamua kujibana sakafuni kifudifudi na kukataa kuinuka. Pambano lilichukua zaidi ya saa mbili na nusu huku Gama akijaribu bila mafanikio kumgeuza mtu aliyejishikiza chini kama kombe mwambani. Likasimamishwa bila mshindi na kuahirishwa kwa juma moja. Tarehe 17 Septemba Gama alifika uwanjani, lakini Zbyszko hakuonekana. Mkanda ukatolewa kwa aliyekuwepo.

Kwa Wahindi wengi, habari hizo zilikuwa kubwa kuliko mchezo. India ilikuwa koloni, na mojawapo ya hoja za wakoloni ilikuwa kwamba Mhindi ni dhaifu wa mwili na kwa hiyo hawezi kujitawala. Mwaka huo vijana wawili wa Punjab, wasio na elimu ya shule, waliipinga hoja hiyo kwa mabega yao katika mji mkuu wa himaya yenyewe.

Imam, Mlango wa Ubingwa

Baada ya Gama kutawazwa, palizuka tatizo linalowakabili mabingwa wote: kila kijana mwenye tamaa ya jina alitaka kupambana naye. Ikawa kawaida kwamba aliyetaka kumkabili Gama alitakiwa kwanza ampite Imam. Mdogo mtu akawa mlango wa nyumba ya kaka yake. Wengi walioubisha mlango huo hawakuingia.

Huduma ya aina hiyo haina tarumbeta. Anayelinda mlango hupokea vumbi lote la safari, ilhali pongezi hupelekwa ndani. Imam alikuwa na uwezo wa kudai ubingwa kwa jina lake mwenyewe, na wapo waliomhesabu kuwa stadi wa mbinu kuliko Gama. Hata hivyo, hakuwahi kujitenga na kaka yake wala kumgeuka kwa ajili ya cheo.

Mwezi wa Januari 1928, mfalme wa Patiala aliwakutanisha tena Gama na Zbyszko. Wote wawili walikuwa wanakaribia umri wa miaka 50. Umati mkubwa wa maelfu ya watu ulikusanyika, wengine wakiwa wamesafiri siku nyingi. Safari hii uwanja ulikuwa wa udongo, na Zbyszko hakupata nafasi ya kulala kifudifudi. Pambano lilikwisha kabla ya dakika moja kutimia, Mpolandi akiwa chali. Kilichoshindikana London kwa saa mbili na nusu kilitimizwa Patiala kwa muda wa pumzi chache.

Mgawanyiko wa Mwaka 1947

Mwezi wa Agosti 1947 Uingereza iliondoka, na Bara Hindi likagawanyika kuwa India na Pakistan. Punjab ilikatwa vipande viwili. Amritsar ikabaki India na Lahore ikawa Pakistan. Waislamu walikimbilia upande mmoja huku Wahindu na Makalasinga wakikimbilia upande wa pili, na mamia ya maelfu ya watu waliuawa njiani na majumbani. Gama na jamaa zake waliishia Lahore. Aliyeitwa Rustam wa India akawa raia wa nchi nyingine.

Kisa kinachokumbukwa zaidi cha siku hizo hakikutokea ulingoni. Katika mtaa wa Mohni Road, Lahore, Gama na wanamieleka wenzake walisimama kuwalinda majirani zao Wahindu dhidi ya makundi yaliyokuja kuwashambulia. Wakazi hao walipolazimika kuondoka, Gama aliwapa ulinzi na mahitaji ya njiani. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Kwa msomaji wa Kenya ambaye ameshuhudia majirani wakigeukana kwa sababu ya kabila mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, tendo hilo halihitaji kupambwa.

Pamoja na Uingereza, mfumo wa wafalme uliowalisha wanamieleka nao uliondoka. Hapakuwa tena na mfalme wa Datia wala wa Patiala wa kutoa samli na lozi. Gama alizeeka akiwa mgonjwa na mwenye uhitaji. Serikali ya Pakistan ilimsaidia kwa gharama za matibabu. Msaada mwingine ulivuka mpaka: G. D. Birla, tajiri wa viwanda wa India ambaye alikuwa Mhindu, alimtumia rupia 2,000 na kumwekea posho ya rupia 300 kila mwezi. Gama aliaga dunia mjini Lahore tarehe 23 Mei 1960.

Urithi

Gama alipata watoto wa kiume watano, na wote walifariki wangali wadogo au vijana. Hakubakiwa na mwana wa kuurithi ulingo wake. Hapa ndipo nafasi ya Imam inapodhihirika kikamilifu. Watoto wa Imam, ambao ni Bholu, Azam, Aslam, Akram na Goga, walikua chini ya kivuli cha baba mkubwa wao na kuwa wanamieleka mashuhuri wa Pakistan. Walijulikana kwa pamoja kama ndugu wa Bholu. Mwezi wa Desemba 1976 Akram alishindwa jijini Karachi na Mjapani Antonio Inoki, aliyemvunja mkono. Mwaka 1979, Zubair Jhara, mtoto wa Aslam na mjukuu wa Imam, alikabiliana na Inoki huyo huyo mjini Lahore. Raundi zilipokwisha, Inoki mwenyewe aliuinua mkono wa kijana huyo juu mbele ya watu.

Hitimisho

Maisha ya Gama yanathibitisha kwamba shujaa hajiumbi mwenyewe. Alilelewa na babu na mjomba baada ya baba kumtoka, akalishwa na wafalme, akalindwa na mdogo wake, na katika uzee akasitiriwa na mtu wa dini nyingine katika nchi iliyokuwa imekuwa ya kigeni. Aliyekuwa na nguvu za kumwinua kila mtu, naye aliinuliwa na wengi. Imam Baksh hakupewa nusu ya sifa za kaka yake, lakini kizazi chake ndicho kilicholibeba jina hilo ulingoni baada ya mwenyewe kulala kaburini Lahore. Watafiti wa fasihi ya mashujaa, waliozoea kumtazama jagina aliye mbele, watafaidika wakimtazama pia aliyesimama mlangoni.