Jenerali Kombe: Bingwa wa habari aliyeuawa kwa dhana

VIJANA ninaowafundisha hapa Fukayosi wanamjua Idi Amin, lakini ukiwatajia Luteni Jenerali Imran Hussein Kombe wanakutazama tu. Wazazi wao wanamkumbuka. Ndugu msomaji, maisha ya mtu huyu yana somo ambalo hatuna budi kulirithisha.

Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera Oktoba 1978, Kombe alikuwa Brigedia. Alikabidhiwa Brigedi ya 201, ambayo wengi wa askari wake walikuwa mgambo, si wanajeshi wa kazi. Aliongoza chini ya Meja Jenerali David Musuguri, kamanda wa Divisheni ya 20.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Lukaya, Machi 10, 1979, mahali ambapo barabara ya Masaka kwenda Kampala hupita katikati ya kinamasi. Askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin walifyatua maroketi ya Katyusha, na mgambo wakatawanyika. Watu wale wale waliokimbia walikusanywa upya usiku huo. Kulipokucha wakashambulia kutoka mbele, huku Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikimpiga adui kutoka nyuma. Kampala ilianguka Aprili 11.

Baadaye Kombe alipanda hadi kuwa Mnadhimu Mkuu wa JWTZ. Kisha, katika awamu ya pili ya Rais Ali Hassan Mwinyi, jenerali huyo wa vita akapewa kuongoza Idara ya Usalama wa Taifa. Kazi ya idara hiyo si kukusanya habari tu. Ni kumpima aliyeleta habari, kulinganisha taarifa moja na nyingine, na kutenganisha ukweli na uvumi kabla ya kumshauri Rais. Idara yenyewe ilikuja kupata sheria yake mahususi mwaka 1996.

Mwaka huo huo, Juni 30, Kombe akiwa amekwishaacha wadhifa huo, polisi walimpiga risasi na kumuua karibu na Moshi. Maelezo yao yalikuwa kwamba walimdhania mwizi wa magari. Askari walishitakiwa na wapo waliotiwa hatiani. Mjane wake naye aliidai serikali fidia, shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani.

Hebu tutafakari. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki habari za nchi nzima aliondoka duniani kwa habari ambayo hakuna aliyeihakiki. Cheo hakikumkinga, wala Lukaya haikumkinga. Kama jenerali hakupewa nafasi ya kujieleza yeye ni nani, kijana wa Manzese au Tandika anayepigiwa kelele za mwizi ataipata wapi?

Surat Hujurat inatuamrisha kuchunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, tukabaki kujuta. Amri hiyo si ya polisi peke yao. Inamhusu aliyeokota jiwe sokoni, na inamhusu anayesambaza kwenye simu picha ya mtu asiyemjua akimwita tapeli. Mahakama inaweza kutoa hukumu na fidia, lakini haiwezi kumrudisha aliyekufa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Jenerali Kombe, na atujaalie subira ya kuuliza kwanza.